Mkaa wa Leonardi

Magunia ya chenga za mkaa Leonardi aliyaleta mwenyewe, kwa mgongo wake, bila kutumwa na mtu. Hilo Honorata hakulisahau. Kaka yake aliyabwaga mlangoni, akajikung'uta mabega, akaomba maji ya kunywa, uso mweusi tii kama kitako cha chungu. Akasema heri vumbi hilo likafie shambani kuliko kukaa uani kwake na kumgombanisha na mkewe kila upepo unapovuma.

"Nasikia mnataka kuulisha udongo," alisema. "Haya, chakula hicho."

Nikodemu, mumewe Honorata, alikuwa amekalia kigogo ananoa jembe. Alisema udongo si gari moshi, haujazwi makaa ukaondoka Kigoma ukafika Dar es Salaam. Leonardi akacheka hadi maji yakampalia, na shemeji yake akampiga mgongoni huku naye anacheka, mpaka mtoto Devota akaamka ndani na kuanza kulia. Ndivyo walivyokuwa siku zile. Ukipita njiani ukawasikia ungedhani wamenyonya ziwa moja.

Nyumba yao ilikuwa Kalinzi, juu kabisa, huko ambako ziwa huonekana siku za mbingu safi tu, utepe wa buluu chini ya milima ya Kongo. Baba yao Honorata alipokufa, migomba na kahawa vilikwenda kwa Leonardi, kama ilivyo desturi, kwa kuwa mtoto wa kike hutarajiwa kula ardhi ya mumewe. Tatizo ni kwamba mume wa Honorata hakuwa na ardhi. Nikodemu alikuwa Mrundi. Alivushwa ziwa akiwa mgongoni kwa mama yake mwaka wa sabini na mbili, wakashukia Ujiji, akakulia Buzebazeba, akabeba mizigo bandarini mpaka mabega yakaota sugu. Baadaye alipanda Kalinzi kutafuta kibarua cha kuchuma kahawa. Leonardi alikuwa na maneno yake juu ya hilo, na kila penye pombe aliyarudia: "Nilimwajiri achume kahawa, akamchuma dada wa mwenye kahawa."

Basi Leonardi akawaazima kiraka cha mteremkoni. Kiraka chenyewe kilikuwa udongo mwekundu uliochoka, hakioti kitu ila nyasi kavu na yale majani magumu mfano wa manyoya ya jogoo, ambayo hata mbuzi huyanusa na kuyaacha. Aliwaazima kwa masharti ya wazee. Ardhi ya kuazima hupandi kahawa, hupandi mgomba, hupandi mti wowote, maana kinachokaa ni dai. Unapanda cha msimu, unavuna, unaondoa. Na kila mavuno, kapu la kwanza unalipeleka kwa mwenye ardhi kabla hujaonja wewe, ili ijulikane nani ni nani. Anayetimiza hayo haondolewi shambani maadamu analima. Honorata alilipeleka kapu hilo hata miaka ambayo lilikuwa kapu la kwanza na la mwisho.

Maharage hayakutaka kumea pale. Yaliota, yakafika magotini, yakageuka manjano, yakasimama hivyo kama watu wanaosubiri habari mbaya. Elinipa, bibi shamba aliyeletwa kutoka Upareni, alikuja na pikipiki yake akafinyanga udongo mkononi, akasema ugonjwa wake ni tindikali, na dawa yake ni chokaa. Honorata aliuliza chokaa hiyo inapatikana wapi. Elinipa akafikiri, akasema kwa kweli Kigoma nzima yeye ameona ile ya kupaka ukuta tu.

Aliyempa Honorata dawa ni tanuri bovu la kaka yake.

Leonardi alikuwa akichoma mkaa pembeni mwa mteremko ule. Tangu wakimbizi walipoanza kushuka kwa maelfu mwambao, na nyuma yao wazungu wa misaada na magari yao, mji ulikuwa unakula mkaa kama haujapikiwa miaka. Tanuri moja lilibomoka, akaliacha. Mtu alidondosha maharage hapo, pengine kibarua aliyekuwa anakula, na Honorata akayakuta yameota. Yalikuwa ya kijani kibichi cha kuumiza macho, yamejaa maganda, ilhali hatua chache pembeni ya kwake aliyoyatolea jasho yalikuwa yanakufa kwa adabu. Aling'oa shina moja la huku na moja la kule. Mzizi wa lake ulikuwa mfupi, umedumaa, kama kidole kilichoungua. Mzizi wa tanurini ulikuwa mrefu wenye nywele nyingi, na juu yake umebeba vinundu kama shanga. Aliufunga kwenye pindo la khanga akaenda nao nyumbani, hakumwambia mtu mpaka jioni.

Ndipo Leonardi aliposikia kwamba dada yake anataka chenga za mkaa, akazibeba.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Honorata alitwanga mkaa kwenye kinu kibovu, akautia mkavu katika kibustani cha nyuma ya nyumba kujaribu, na maharage yakatoka manjano kuliko yale ya mteremkoni. Nikodemu alisema labda udongo wa Tanzania haupendi kupakwa masizi. Alisema kwa utani, lakini jembe aliliweka mbali. Honorata alirudi kwenye tanuri bovu akachuchumaa hapo asubuhi nzima. Alichokiona hatimaye ni vidonge vya kinyesi cha mbuzi. Mbuzi wa Leonardi walikuwa wamezoea kulala pale wakifuata joto la tanuri, na walipolala ndipo walipokojoa. Mkaa ule ulikuwa umekunywa ukashiba kabla maharage hayajaangukia juu yake. Mkaa wake yeye ulikuwa na kiu, na mwenye kiu hunywa kile kidogo alicho nacho jirani.

Wakachimba shimo nyuma ya zizi. Chini magome ya migomba, juu yake chenga za mkaa, juu yake samadi, halafu mkojo wa mbuzi waliokuwa wakiukinga kwa mfereji wa ubao, halafu tena mkaa, tena samadi. Wakalifunika kwa majani. Nikodemu alikuwa akiligeuza kwa uma wa mti, anatoka hapo ananuka hata Devota anakataa kubebwa. Waliliacha hivyo mpaka ukishika kiganja chake husikii tena harufu ya samadi wala ya mkaa, unasikia harufu ya mvua. Anayepita aliona jalala la samadi, basi. Leonardi alipita mara nyingi, ameziba pua, anauliza kama shemeji yake amejenga choo kipya.

Siku ya kupanda, alikuja kusaidia. Honorata akiweka kiganja cha mchanganyiko ule katika kila shimo, Leonardi anadondosha mbegu, Nikodemu anafukia nyuma yao. Mikono yote sita ilikuwa myeusi. Honorata akakumbuka jambo, akacheka.

"Kaka, Baba angetuona angesema tunapima mipaka."

Leonardi naye akacheka. Alijua anasema nini. Katika vilima vile, mpaka wa shamba ni mti wa mnyaa, lakini mnyaa hung'olewa na jiwe husogezwa. Kwa hiyo anayepanda mnyaa wa mpaka huzika kwanza mkaa chini yake, mbele ya mashahidi, kwa kuwa mkaa hauozi. Siku watu wakigombana wazee huchimba, na palipo na mkaa ndipo neno linapoishia. Walipokuwa wadogo baba yao aliwapeleka wote wawili kwenye mpaka wa chini, Honorata akashika kikapu cha mkaa, Leonardi akashika mche. Baba aliwapiga kofi moja moja ili wasisahau mahali pale.

Mteremkoni, siku ile, walicheka tu, wakaendelea kupanda.

Msimu ule maharage yalisimama. Watu waliacha njia kubwa wakapita njia ya mteremkoni makusudi, wayaone. Elinipa alikuja, akapiga magoti katika matope na suruali yake ya kazi, akang'oa shina, akakipasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu.

"Unaona damu hii, mama Devota?" alisema. "Haya sasa yanakula hewa. Yanakula bure."

Alisema atawaleta wakubwa waje kuona. Alisema jambo hili lazima lisikike. Aliondoka na mfuko wa maharage kwenye tangi la pikipiki, na kila alipopita baadaye aliondoka na mwingine, na Honorata alimpa kwa moyo mweupe. Kapu la kwanza alilipeleka kwa kaka yake, likiwa limejaa mpaka limevimba, na Leonardi alilipokea kwa mikono miwili amesimama.

Msimu wa pili alilipokea amekaa.

Honorata aliliona, akajiambia ni uchovu. Mwaka huo kahawa ilishuka bei mpaka watu wengine wakaiacha ianguke chini ya miti. Maharage nayo yalipanda, kwa sababu kambi zilijaa midomo na wachuuzi wa Rusimbi, kule mjini, walikuwa wakipandisha malori mpaka Kalinzi kununua magunia shambani. Walisimama kwenye mteremko wa Honorata kwanza. Leonardi alianza kutembea kando ya shamba jioni, mikono nyuma, kama mtu anayepima nguo kwa macho. Ule utani wake wa kahawa aliuacha. Siku moja wifi yake, Selina, walipokuwa wakisuka ukili pamoja, alisema kwamba mwanawe mkubwa anataka kuoa, na baba yake hajui amwonyeshe ardhi ipi, nzuri zote zina kahawa isiyolipa. Alisema hivyo akaangalia ukili wake. Honorata alisema Mungu atafungua njia. Alidhani wanazungumza tu.

Halafu likaja tangazo.

Lilianza redioni, likafika kwa mdomo wa Mzee Telesphory, mwenyekiti wa kijiji: Warundi wote wanaoishi vijijini waende kambini, upande wa Kasulu, na wasiokwenda watapelekwa. Vijiji vya chini askari walikuwa wamekwisha kupita. Nikodemu alisikiliza tangazo lile akiwa amesimama katika umati, na Honorata aliwaona watu wawili watatu wakisogea kidogo, kila mmoja upande wake, bila hata kujua kwamba wanasogea. Nikodemu huyu alikuwa amechimba msingi wa shule yao. Huyu alikuwa akibeba machela ya wagonjwa wao mpaka barabarani.

Usiku huo Nikodemu alitaka kushuka Buzebazeba mapema, akajichanganye na wabeba mizigo wanaomjua tangu utoto, mpaka upepo upite. Wengine walikuwa wamekwisha kushuka. Lakini Mzee Telesphory alikuwa amesema neno jingine pembeni: Mrundi mwenye mke wa hapa, na mwenyeji mwenye ardhi wa kumsimamia mbele ya mkutano, yeye hatamtaja kwa wakubwa. Na kesho yake jioni Leonardi akaja.

Alikuja na kibuyu cha pombe ya ndizi, jambo ambalo alikuwa ameliacha muda. Akampakata Devota. Akamsikiliza shemeji yake mpaka mwisho, habari za Buzebazeba na za bandarini, kisha akatikisa kichwa.

"Ukikimbia ndipo utakuwa mkimbizi," alisema. "Kaa. Mimi nitasimama."

Nikodemu alimtazama mkewe. Honorata ndiye aliyesema wakae. Huyu alikuwa kaka yake, aliyepigwa kofi naye mahali pamoja ili wakumbuke jambo moja. Alimmiminia pombe mwenyewe, akamwita *musaza wanje*, kaka yangu, kama alivyomwita walipokuwa watoto na Kiswahili bado hawajakijua, na Leonardi akainua kibuyu akanywa.

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji, asubuhi, na askari mmoja mwenye cheo alikuwa amekalia kiti cha mwenyekiti. Pembeni yake alikaa Elinipa, pamoja na watumishi wengine wa serikali. Warundi watatu walikuwa wamesimama mbele. Wa kwanza alisimamiwa na babu mmoja ambaye hata sauti haikumtoka vizuri, akakubaliwa. Wa pili hakuwa na mtu. Wa tatu alikuwa Nikodemu, na Leonardi alisimama kweli, kama alivyoahidi.

Alianza vizuri. Alisema Nikodemu ni mchapakazi, si mwizi wala mlevi, na amemtunza dada yake. Watu waliitikia. Honorata akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu alfajiri. Halafu Leonardi akamwomba mwanawe alete ungo, na mwanawe akauleta ukiwa umefunikwa kwa jani la mgomba. Leonardi akalitoa jani.

Ndani kulikuwa na udongo wa mteremkoni, na ndani ya udongo, vipande vyeusi vya mkaa.

"Wazee," alisema, "mnajua mkaa huzikwa wapi. Mimi nilimwazima mtu ardhi alime cha msimu. Nimechimba juu nimeukuta, nimechimba katikati nimeukuta, nimechimba chini nimeukuta. Niambieni mwenyewe wa shamba hilo leo ni nani."

Honorata aliliona neno lile likipita kichwa hadi kichwa, kama moto wa nyasi. Ilikuwa miaka ya hofu. Kila nyumba ilikuwa imesikia hadithi ya mgeni aliyepewa kona akachukua nyumba, na kama hawakuisikia waliisimulia. Sasa hofu hiyo ilikuwa imewekwa ungoni, unaweza kuishika.

Mzee Telesphory alimuuliza Nikodemu kama ni kweli alizika mkaa katika ardhi ya kuazima.

"Ego, ndiyo, Mzee," alisema Nikodemu. "Pamoja na samadi."

"Sikukuuliza habari za samadi."

Honorata alisimama. Hakungoja kuruhusiwa. Alisema mkaa ule ulitoka tanurini kwa Leonardi, Leonardi aliubeba mgongoni kwake, akaumwaga mlangoni, akanywa maji, na siku ya kupanda mbegu zilitoka mkononi mwake mwenyewe. Akamgeukia.

"Useme, kaka. Sema uliubeba wewe."

Leonardi hakumtazama. Aliwatazama watu, akatabasamu kwa huruma, tabasamu la mtu mwenye msiba.

"Dada yangu anamtetea mumewe," alisema. "Asipomtetea yeye, nani amtetee?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walimcheka kama mtu anavyocheka mtoto anayelilia mwezi. Palepale alielewa kwamba neno lake limekwisha. Hata angeyaita yale magunia yasimame yaseme, yangekuwa magunia ya mke wa Nikodemu.

Akamwangalia Elinipa. Huyu angesema maneno mawili tu: ni mbolea. Huyu alipasua vinundu akaona damu, akala maharage hayo nyumbani kwake misimu miwili. Mzee Telesphory naye alimwona Honorata anaangalia wapi, akauliza kama bibi shamba ana la kuongeza. Elinipa alikuwa na kijiti, anabandua tope kwenye soli ya kiatu. Alimtupia jicho yule mwenye cheo aliyekuwa amekaa pembeni yake.

"Mambo ya mipaka ni ya wazee wa hapa," alisema. "Mimi ni mgeni." Na akaendelea kubandua tope.

Mzee mmoja alijaribu. Aliuliza tangu lini mpaka ukajaa shamba zima, maana mpaka anaoujua yeye huwa pembeni. Leonardi akamjibu kwamba anayezika mkaa pembeni anadai pembeni, na anayeuzika shamba zima anadai shamba zima. Wazee wengine wakaona ni kweli, yule mzee akakaa. Yule mwenye cheo akatazama saa. Ikasemwa kwamba Nikodemu atapanda lori kesho yake asubuhi, na mteremko urudi kwa mwenyewe na kilichomo ndani yake, ili mambo yasiharibike.

Kurudi nyumbani walitembea na Devota katikati, amewashika mkono wote wawili. Nikodemu alianza kusema walipofika uani. Alisema Honorata abaki. Yeye ni wa hapa, mtoto ni mdogo, kambini watu wanakula kwa foleni, na pengine siku moja mambo yatatulia. Alisema hayo huku anafunga nguo zake mbili katika shuka, kwa fundo zuri la mbeba mizigo, na Honorata alimwacha aseme mpaka amalize. Kisha akatwaa kapu akashuka mteremkoni.

Maharage hayakuwa yamekauka. Maganda yalikuwa ya kijani, yamenona, mazito mkononi. Alichuma safu hadi safu mpaka kapu likajaa, kisha akapanda na njia hadi pale inapogawanyika: kulia kwa Leonardi, kushoto kwake. Miguu yake ilikwenda kulia. Ilikuwa imezoea. Alitembea kidogo hivyo kabla hajagundua, akasimama, kapu kichwani, akaona moshi wa jiko la Selina nyuma ya migomba. Kwa mara ya kwanza tangu aazimwe ardhi ile aligeuka, akalipeleka kapu la kwanza nyumbani kwake.

Lori lilisimama mbele ya ofisi ya kijiji, limejaa nusu watu wa vijiji vya jirani, na magodoro na kuku na vyungu vyao. Nikodemu alipanda, akampokea mtoto, akampokea na fundo. Honorata akapandisha kapu, kisha mwenyewe akaweka mguu kwenye gurudumu. Askari mmoja kijana akamshika mkono kwa upole, akamwambia ashuke, yeye mama ni wa hapa.

"Wa hapa kwa nani?" Honorata alimuuliza.

Askari akamwachia mkono. Honorata akapanda, akakaa kwenye ubao wa nyuma karibu na mumewe. Nikodemu hakumgombeza. Alimsogezea nafasi tu, akafumba macho.

Hapo ndipo alipomwona Leonardi anakuja. Alikuwa amevaa shati safi, ameshika kuku kwapani, anatembea haraka kama mtu anayechelewa misa. Watu wakampisha. Alifika chini ya ubao wa nyuma, akampandishia Honorata yule kuku, akasema wa Devota, njiani kuna njaa. Kuku alikuwa tetea mzuri, mwenye madoa, Honorata alimjua. Mayai yake amewahi kuyala. Na pamoja na yote, pamoja na ungo na lile tabasamu, kitu kikamlegea kifuani. Aliyaona macho ya kaka yake mekundu. Alifikiri, hakulala. Alifikiri, sasa atasema. Kama angesema hata nusu, hata pale ambapo haisaidii tena, mbele ya lori, angemsamehe, na hilo lilimtia aibu, jinsi alivyokuwa tayari.

Leonardi akapanda juu ya jiwe ili mdomo wake ufike karibu na sikio lake.

"Ule mkaa," alinong'ona. "Nataka kuutia na shamba la juu msimu ujao. Mlikuwa mnauwekaje? Peke yake?"

Dereva akawasha gari. Honorata alimtazama kaka yake, masizi yaliyobaki kwenye mikunjo ya shingo, ambayo hayakutoka hata kwa shati safi. Akaona kwamba hajui. Alibeba magunia, akadondosha mbegu, akapita mara zote zile pembeni ya shimo ameziba pua, na hakuwahi kuuliza kwa nini linanuka; hata samadi aliyoitaja Nikodemu mkutanoni haikumwingia. Alifikiri udongo unalishwa makaa makavu ukashiba. Honorata aliona pia, wazi kama yapo mbele yake, maharage ya shamba la juu yakitoka ardhini, yakifika magotini, yakigeuka manjano. Akamwona na Selina amesimama katikati ya shamba, na ungo mtupu mkononi. Wifi yake huyo hakuwahi kumkosea, ila kwa kutosema.

Katika maisha yao yote hakuwahi kumdanganya Leonardi. Wala hakumsingizia kwa mama yao walipovunja mtungi.

"Peke yake," alisema. "Mkavu. Kama unavyotoka tanurini. Na utie mwingi."

Lori likaanza kusogea. Leonardi akashuka kwenye jiwe, akatembea nalo hatua chache, ameshika ubao, uso umemfunguka kama zamani, kama siku ile ya magunia. Alimshukuru. Alimwita dada.